Mtu wa Kusema Achia

Evarist Rutaihwa, mwana wa Kahigi, mjukuu wa Karugendo aliyevuka mto Ngono umefurika akiwa na ndama mabegani. Evarist aliyeingia uwanjani mara tatu, akakubali mara tatu, wala hakukimbia. Evarist aliyewatenganisha wavuvi wa visiwani na wachuma kahawa wa Kamachumu, wote wakiwa na visu viunoni. Aliyemwambia Lwakatare achia, na Lwakatare akaachia. Aliyekaa kwenye majani miaka arobaini na sita, na siku ya mchezo hakuonja pombe ya rubisi hata tone.

Hayo si maneno yangu. Ndivyo kaka yangu alivyokuwa akijisifu, amesimama mlangoni, fimbo ameishika kama mkuki. Wazee wetu Wahaya walijisifu hivyo mbele ya Omukama, mfalme wetu, na mtu alitaja aliyoyatenda, si aliyoyatamani. Wengine walitaja watu waliowaua vitani. Evarist alitaja watu walioachiwa. Watoto wa siku hizi walimcheka. Aliwaacha wacheke wachoke, kisha akaanza upya kwa Karugendo na ndama wake.

Mimi ndiye dada yake wa kumfuata. Nilirudi kwenye kibanja cha baba yetu nilipofiwa na mume, na mke wa Evarist naye alipofariki tukabaki wawili, tunapikiana ndizi na kugombana. Kwa hiyo haya nayaandika kwa kuyaona, sikuhadithiwa na mtu.

Kwa asiyejua mieleka ya kijijini kwetu nitaeleza mara moja, kwa maana nimechoka kueleza. Kahawa ikishaanikwa na kukauka, vijana walikuwa wakikutana kwenye uwanda ulio chini ya kanisa. Chini palitandazwa majani makavu ya migomba, mengi, yakafika kwenye kifundo cha mguu. Kumwangusha mwenzako hakukutosha. Kwetu kuangusha ni kubisha hodi tu. Ukishamwangusha unamshika, shingo au mkono au goti, unambana mpaka akubali. Na anayekubali hasemi neno, maana mwenye kukabwa atasemaje? Anapiga majani kwa kiganja mara mbili. Yale majani yanalia kaka-kaka, hata aliye mbali anasikia. Hatukusema ameshindwa. Tulisema amekubali, na aliyekubali hachekwi.

Sasa zamani walikuwako wajanja. Mtu anapiga majani, mwenzake anamwachia, yeye anaruka juu na kusema, "Mimi nilikuwa naua siafu tu!" Ugomvi ukawa haukomi. Ndipo wazee wakaweka sheria: anayeshika haachii mpaka aambiwe, na wa kumwambia ni mtu mmoja tu. Huyo hakai kwenye kiti. Anakaa chini kwenye majani, karibu kabisa, jasho lao linamrukia. Akiona mkono umepiga anasema, "Achia!" Hapo hata Omukama mwenyewe angeachia. Kisha anafungua kakapu kake, anatoa tunda moja la kahawa kavu, analipasua. Ndani mna punje mbili. Moja ya huyu, moja ya yule, wanatafuna mbele ya watu. Waliotafuna tunda moja hawapelekani barazani mpaka mavuno mengine.

Kaka yangu alikuwa ndiye mtu wa kusema achia.

Hakupewa kazi hiyo kwa nguvu zake. Nguvu hakuwa nazo. Alikuwa mwembamba kama mti wa kuegemezea mgomba, na mara zote tatu alipoingia uwanjani alikubali kabla watu hawajakaa vizuri. Alipewa kwa sababu aliwapenda wapiganaji kuliko walivyojipenda. Alizijua kabali zote za tangu enzi za babu. Alijua nani alimshika nani, msimu gani, na mguu upi ulitangulia. Akilima aliliacha jembe akaukumbatia mgomba kumwonyesha mpita njia jinsi Lwakatare alivyokuwa akizungusha kiuno. Mke wake alilalamika, "Watu wengine migomba yao inaangushwa na upepo, yangu inaangushwa na mume."

Huyo Lwakatare alikuwa mkubwa wao wote. Hakuwa mnene, ila ukimshika ulikuwa kama umeshika mzizi: unavuta, na udongo wote unakuja na wewe. Alikuwa mpole, mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne. Alipombana mtu alifumba macho kama anayesali. Nilimwona kwa macho yangu akiwakubalisha watu saba siku moja, na wa saba akambeba mgongoni kumpeleka kunywa maji. Evarist akimtazama alisahau kufunga mdomo.

Mwaka uliofuata vita vya Kagera, Lwakatare alishikana na Rugaibula, kijana wa jirani yetu, umri miaka ishirini na miwili. Alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi na mabega yalimtosha. Alimsumbua Lwakatare sana. Watu walisimama wote. Mimi nilikuwa nyuma ya Evarist na kibuyu cha maji, maana wanawake hatukuruhusiwa kukanyaga majani, tuliishia ukingoni. Mwishowe Lwakatare akaupata mkono wa kulia wa Rugaibula, akaupitisha mapajani, akalala chali huku ameukumbatia kama mama na mtoto. Sijaona tena mshiko mzuri kama ule. Nasema mzuri, Mungu anisamehe.

Nikasikia majani. Kaka-kaka. Kisha tena, kaka-kaka.

Evarist hakusema kitu.

Halafu tukasikia kiwiko.

Evarist aliwaambia wazee kuwa hakuona, mwili wa Lwakatare ulimziba. Wakamwamini, kwa kuwa hakuna aliyemjua kusema uongo. Lwakatare alilia mbele ya watu na hakupigana tena mpaka tulipomzika. Rugaibula alichukuliwa kwa machela, na siku ile kahawa haikutafunwa. Mkono wake ulipona vibaya, ukabaki umepinda kama mundu. Mitumbwi akaiacha. Alioa, akazaa binti mmoja, Joanitha, ambaye tangu utoto alimfunga baba yake vifungo vya shati. Mimi sikumuuliza kaka yangu chochote. Aliendelea kukaa kwenye majani na hakukosea tena, miaka na miaka, na kila msimu sauti yake ya kusema achia ilizidi kuwa ya haraka.

Nimefika kwenye macho.

Yalianza kufifia pole pole. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilicholiwa na presha ya macho hakirudi. Aliwashukuru, akaweka dawa mfukoni, akaniambia njiani, "Theopista, usimwambie mtu."

"Utaonaje mkono?"

"Mkono hauonwi. Mkono unasikika."

Na kweli, misimu miwili alikaa kwenye majani akiwa haoni zaidi ya kivuli, akasema achia kwa masikio tu, na hakuna aliyejua. Mimi ndiye niliyemshika kiwiko kumpeleka mpaka ukingoni, watu wakadhani ni uzee. Jioni mgongo uliniuma kwa hofu kuliko kwa jembe. Nilimwambia, "Kaka, nimechoka kubeba siri zako." Akasema, "Kaa nazo kidogo, nami nimechoka." Nikakaa nazo. Ukimwondoa kwenye yale majani, kinachobaki ni mzee anayemwaga chai.

Basi akaja Jamali. Huyu ni kijana wa Hamugembe, pale Bukoba mjini, mwalimu wa judo na jujitsu. Alijifunza Dar es Salaam, akaongezea Kampala, na sasa anafundisha vijana ndani ya ghala la zamani la kahawa. Alikuja na bodaboda mpaka mlangoni, akavua viatu, akapiga goti, akamwita Ta, yaani baba, kama tunavyowaita wazee wetu.

"Shikamoo, Ta Evarist. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mieleka ya nguo nyeupe?"

"Ndiyo mimi, mzee. Nimesikia habari zako tangu nikiwa mtoto. Babu yangu alishikana na Lwakatare."

"Babu yako nani?"

Akamtaja. Evarist akacheka mpaka akakohoa. "Yule! Alikubali kabla hajashikwa. Alipiga majani akiwa bado amesimama, ikabidi ainame!"

Jamali hakukasirika, alicheka naye. Akaeleza kwamba Wajapani nao, mbali kule, tangu zamani wana desturi hii hii: anayezidiwa anapiga kiganja mara mbili, na aliyeshika anaachia. Evarist akageuza uso kumwelekea. Nilimwona midomo inamchezacheza. Akasema taratibu, "Kumbe nao walikuwa na mtu kama mimi." Nadhani tangu mkewe afariki sikuwa nimemwona na furaha ya namna ile.

Jamali akatoa simu. "Tazama hawa, mzee. Hawa ndio wakubwa wao."

Evarist akaiinamia. "Ehee! Huyu wa kushoto ana kiuno. Ona anavyomzunguka mwenzake."

Jamali akaitazama simu yake. "Mzee, hapo bado ni tangazo la sabuni. Mama anafua."

"Basi anafua kwa kiuno," akasema Evarist.

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Alichokuja kuomba ni hiki: Jumamosi ile vijana wake wangeshindana na wa Buhembe, na alitaka kaka yangu akae kati, aseme achia kama zamani, vijana waijue heshima ya mchezo. Nilimkanyaga Evarist mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake. "Nitakuja," akasema.

Sikuweza kumpeleka peke yangu, magoti yangu mwenyewe ni ya kuazima. Nikamwomba Joanitha atusindikize, yule binti wa Rugaibula, sasa mama wa miaka thelathini na minane. Kazi yake ni kuchambua kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Anakaa mbele ya meza ndefu tangu asubuhi, punje zinapita, na mbovu anaitoa kabla wewe hujaiona. Yeye mieleka hakuipenda. Alisema, "Ma Theopista, mimi mchezo huo nimeufulia nguo miaka yote." Lakini alikuja.

Lile ghala la Hamugembe lilikuwa limejaa. Watu juu ya magunia, watu madirishani, na filimbi, na ngoma moja ya mtu asiyejua kupiga. Chini walikuwa wametandika mikeka ya mpira, minene, ya bluu. Joanitha na mimi tulimfikisha Evarist ukingoni. Akaingiza mguu, akasimama.

"Majani yako wapi?"

"Hatutumii majani, mzee," akasema Jamali. "Yanaleta vumbi na siafu. Hii haiumizi mgongo."

Evarist akainama, akaupiga mkeka kwa kiganja. Haukulia. Akaupiga tena. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na sikusikia kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ningesema tu, "Jamali, mwanangu, huyu haoni," na mambo yangekwisha. Evarist aligeuza uso upande wangu, na ule uso niliujua tangu tukiwa watoto tunachunga mbuzi wa baba. Nikafumba mdomo wangu.

Jamali akapaza sauti. "Leo tunafuata sheria ya wazee! Anayeshika haachii mpaka mzee aseme. Na hakuna mwingine yeyote atakayesema ila mzee. Hata mimi." Watu wakapiga makofi. Ilikuwa heshima, na Evarist alikaa chini katikati ya heshima hiyo, miguu ameikunja, kakapu ka kahawa mapajani.

Pambano la kwanza lilikwenda vizuri kwa kuwa kijana aliyekubali alipiga kelele kama mbuzi. La pili pia, aliyekuwa chini alisema, "Basi, basi, mama yangu!" na watu wakamzomea, na Evarist akasema achia. Nilianza kupumua. Nikamwambia Joanitha, "Labda Mungu yupo Hamugembe." Yeye alikuwa anatazama mikono.

La tatu alikuja kijana wa Buhembe, mrefu, na fundi matofali mmoja wa hapo Hamugembe, mnene mwenye aibu. Walizungukana kidogo, wakaenda chini. Wa Buhembe akampata kwa nyuma, mkono ukaingia chini ya kidevu, ukafungwa. Kabali. Ilikuwa safi, nawaambia, Lwakatare mwenyewe angeitikisia kichwa. Ghala zima likapiga ukelele. Na yule mpiga ngoma akapiga ngoma.

Fundi matofali alipiga mkeka mara mbili. Mpira ukaumeza mlio. Akapiga tena. Kisha akapiga paja la mwenzake, taratibu, na yule wa Buhembe akainua macho kumtazama mzee, akingoja, kwa maana aliambiwa angoje. Jamali naye alimtazama mzee. Wote walimtazama mzee. Na mzee ametega sikio, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza majani ambayo hayapo.

Mkono wa fundi ukalala.

Joanitha alinipita. Alikanyaga ule mkeka na ndala zake zenye vumbi la kahawa, akamshika yule wa Buhembe sikio, ndiyo, sikio, kama mtoto. "Achia! Achia mtu, wewe! Huoni amekubali siku nyingi?"

Akaachia. Fundi matofali akabaki chini, macho yamegeuka, povu kidogo mdomoni. Jamali akaruka, akamwinua miguu juu, akampiga mashavu. Ghala lote kimya. Na katika ule ukimya nikamsikia kaka yangu akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona pamekuwa kimya? Wanapumzika?"

Fundi alizinduka. Alikaa, akatapika, akaomba radhi kwa kutapika. Watu walipoona yu mzima wakapata hasira za kutumia. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasimama. "Nani kamruhusu mwanamke kukanyaga uwanja? Na ndala!"

"Ningesimama kuvua ndala angekuwa marehemu," akasema Joanitha.

"Sheria ilikuwa aseme Ta Evarist!"

"Basi muulize Ta Evarist kama aliona."

Jamali alikuja akapiga goti mbele ya kaka yangu, machozi yanamlenga. "Ni kosa langu, mzee. Nilikuwa nakutazama wewe badala ya kumtazama kijana wangu."

Evarist alinyoosha mkono akapapasa hewa mpaka akaupata uso wa Jamali. Hapo wote wakajua. "Nani alisema achia?" akauliza.

"Joanitha," nikamwambia. "Wa Rugaibula."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kakapu kakapinduka, kahawa ikasambaa juu ya mpira wa bluu, na hakuna aliyeiokota.

Tulirudi kwetu Kamachumu. Siku tatu hakujisifu. Siku tatu nilimwekea ndizi na maharage mezani, nikayaondoa yamepoa. Nilikuwa nimechoka hata kumgombeza. Siku ya nne asubuhi, mvua imekatika, akaniita kibarazani.

"Theopista. Niitie Joanitha, na baba yake."

"Baba yake? Kaka, Rugaibula hajakanyaga kibarazani kwako tangu mkono wake uvunjike."

"Ndiyo sababu umwite."

Walikuja. Rugaibula sasa ana mvi, na ule mkono anaubeba mbele ya tumbo kama mtu aliyebeba kuku. Hakukaa. Joanitha alikuwa ametoka chamani, kitambaa kichwani, maganda ya kahawa kwenye nyusi.

"Kasinge waitu, Ta Evarist," akasema Rugaibula. Salamu ya adabu, haikuwa na joto.

"Karibu ukae."

"Nimezoea kusimama."

Evarist akavuta pumzi. "Nilisema sikuona. Nilisema mwili wa Lwakatare uliniziba. Haukuniziba. Niliuona mkono wako ukipiga, na majani niliyasikia, mara mbili, kisha mara mbili tena. Macho yangu wakati ule yalikuwa mazima. Nilinyamaza kwa sababu mshiko ulikuwa mzuri, na nilitaka kuona unavyoishia. Pumzi moja tu nilisubiri. Mkono wako ulikwenda katika hiyo pumzi."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikaliweka chini.

Rugaibula alitazama migomba. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ileile. Nilikuwa nakutazama usoni. Ulikuwa unanitazama mkono, na umetabasamu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Mtu wa kusema ulikuwa wewe."

Kuku walipita katikati yetu wakaenda zao. Mwishowe Rugaibula akavuta kigoda, akakaa, akauweka ule mkono juu ya goti. "Nimechoka nayo hii habari, Ta Evarist. Nakuona nawe umechoka nayo. Ila huyu mtoto wangu alikuwa na haki ya kuisikia, kwani vifungo alivifunga yeye."

Joanitha hakulia. Alikuwa amekunja mikono, anamtazama kaka yangu kama anavyotazama punje mezani, hajaamua bado.

Evarist akafungua kakapu kake, akapapasa, akatoa tunda moja la kahawa. Alilibonyeza kwa kidole gumba, hakuweza kulipasua. Joanitha akalichukua, akalipasua kwa ukucha, akatoa punje mbili. Akampa baba yake moja.

"Hii nyingine ilikuwa ya Lwakatare," akasema Evarist. "Naomba niitafune mimi."

Joanitha alikaa nayo mkononi. Akamtazama baba yake. Rugaibula akaitia punje yake mdomoni, akaanza kutafuna, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Joanitha akaiweka ile nyingine kwenye kiganja cha kaka yangu. Walitafuna wazee wawili, meno ya kuhesabika, ilichukua muda.

Kisha Evarist akasema, "Joanitha, mwanangu. Jamali alinipigia simu jana. Anataka vijana washikane tena Jumamosi ijayo, palepale. Nimemwambia wewe ndiye utakayekaa kati."

"Mimi? Ta Evarist, mimi ni mchambuaji wa kahawa."

"Ndiyo. Unaitoa mbovu bila kuihurumia na bila kuipenda. Nilitafuta mtu wa hivyo miaka mingi, nikawa natafuta kati ya wanaojua kabali."

"Yule mzee wa kofia ya sufu atasema mwanamke hakai uwanjani."

"Mwambie aje achukue nafasi ya fundi matofali, halafu akieleze chumba kizima nani wa kumwambia mwenzake aachie."

Rugaibula akacheka puani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwetu.

Joanitha akakaa sakafuni, karibu na miguu ya kaka yangu. Akauliza taratibu, "Na mimi nikiona mshiko mzuri? Ule wa juzi, kabla sijasimama, niliutazama kidogo. Sidanganyi. Ulikuwa mzuri."

"Utaupenda," akasema Evarist. "Wote tunaupenda. Sema achia kwanza, kisha uupende. Watakuonyesha tena ukiwaomba, na mkono wa mtu utakuwa mahali pake."

Akamwekea kakapu mapajani. Akamfundisha mambo machache pale pale: asikae kwenye kiti, asile kabla ya mchezo, asitazame nyuso za watu, nyuso zinadanganya. Yeye mwenyewe, alisema, atafutiwe mahali nyuma kabisa, karibu na mlango, awe anasikia tu. Alisema hivyo bila kusita, lakini fimbo aliishika kwa mikono miwili.

"Na ile mikeka yao?" akauliza Joanitha. "Hailii."

"Ndiyo kazi yako ya kwanza. Utaifunika ile mikeka kwa majani. Jamali atalalamika vumbi, mwache apige chafya." Akanyoosha fimbo kuelekea shambani, mahali asipopaona lakini anapopajua. "Nenda sasa hivi na kamba, kabla mvua haijarudi. Migomba ya nyuma ya jiko ina majani makavu. Funga mizigo minne. Ya mbele usiiguse, Theopista atatuua."